Michirizi ya dirishani inatoka wapi?

Juzi jirani mmoja alituma picha kwenye kundi la WhatsApp la ploti yetu. Ilikuwa picha ya dirisha la sebule lililooshwa asubuhi hiyo hiyo. Jua la saa nne lilikuwa limelipiga kwa upande, na kioo kizima kilionekana kama kimelambwa na ng'ombe. Chini yake aliuliza: amenunua ile skwiji ya supamaketi, ameosha mara mbili, mbona bado?

Majibu yalimiminika. Tumia gazeti. Weka siki. Tia jiki kidogo. Ongeza sabuni. Punguza sabuni. Maji ya moto. Mmoja akaapa kwamba vioo vya siku hizi ni feki. Kila mtu alikuwa na dawa, na hakuna aliyeuliza mgonjwa anaumwa nini.

Niliingilia kati kwa sababu nimewahi kula kwa jasho la madirisha. Kwa karibu miaka miwili niliosha vioo vya maofisi huku Upper Hill na Westlands, na siku yangu ya kwanza msimamizi wetu, mtu wa makamo tuliyemwita Mzee tu, alinitazama nikifanya kazi kama dakika moja hivi kisha akasema, "Wewe kijana, hapa hatupigi dirisha deki." Nikamwambia, "Pole, Mzee," bila kuelewa kosa langu. Nililielewa wiki iliyofuata.

Kwanza tuelewane maneno. Skwiji ni kile kifaa chenye mpini na ukanda mwembamba wa mpira ulioshikwa na reli ya chuma au plastiki. Wengine hukiita waipa ya dirisha, na si vibaya, maana waipa ya gari hufanya kazi kwa namna ile ile. Lakini skwiji haiondoi uchafu. Uchafu huondolewa na sponji au kitambaa chenye maji na sabuni, kwa kusugua. Skwiji huja baadaye, kuyaondoa maji ambayo sasa yamebeba uchafu huo. Ni kazi mbili, za vifaa viwili. Na michirizi ni zile alama zinazojitokeza kioo kikishakauka, ziwe mistari, mawimbi, matone au ukungu mweupe.

Watu wengi huiona michirizi wakadhani ni uchafu uliogoma kutoka, ndiyo maana hukimbilia kuongeza nguvu au sabuni. Kwa kawaida ni kitu kingine. Ni maji yaliyoachwa yakakauka pale pale juu ya kioo. Maji yenyewe hupaa hewani, lakini mzigo yaliokuwa yamebeba haupai. Ukichemsha maji ya kisima kwenye sufuria hadi yakauke, utaona utando mweupe chini. Kila tone linalokauka dirishani ni sufuria ndogo ya aina hiyo. Kwa hiyo shida ya jirani yangu haikuwa namna ya kufuta. Ilikuwa namna ya kuyatoa maji yote kabla hayajapata nafasi ya kukauka.

Maji yako yamebeba nini?

Hapa Nairobi jibu linategemea mtaa na siku ya mgao. Maji ya mfereji, yale yanayotoka Ndakaini kule Murang'a na kwenye mito inayoshuka kutoka milima ya Nyandarua, ni maji mepesi yenye madini machache. Ya kisima ni habari nyingine. Mkazi wa Syokimau au Kitengela hahitaji kuelezwa maji ya chumvi ni nini: anayaona kwenye birika, kwenye kichwa cha bafu, na kwenye nywele zake. Boza likija kujaza tangi la ploti, mara nyingi mpangaji hajui maji yametoka wapi. Unaweza kuosha dirisha lile lile, kwa mikono ile ile, Jumamosi likang'aa na Jumamosi inayofuata likatoka na ukungu, kisa tangi limebadilisha chanzo.

Kupima ni rahisi. Dondosha tone moja kwenye kioo kisafi, liache likauke. Likiacha duara jeupe, usiyatumie maji hayo kwa raundi ya mwisho ukiwa na mengine. Maji ya mvua ni mazuri ajabu kwa kazi hii kwa kuwa karibu hayana madini kabisa. Acha tu mvua ya kwanza ioshe vumbi la mabati ndipo ukinge. Zipo hata kampuni za usafi zinazotumia maji yaliyochujwa madini yote. Huyapitisha kwenye brashi yenye mpini mrefu, husugua, husuuza na kuondoka. Hakuna anayefuta. Dirisha hujikaukia bila alama hata moja, maana hakuna kilichobaki cha kuweka alama.

Abiria wa pili ndani ya maji ni sabuni, na huyu tunampakia wenyewe.

Sabuni inahitajika. Mwaga maji juu ya jani la nduma uone yanavyojikunja kuwa shanga na kuteleza. Kioo chenye mafuta, hasa cha jikoni au kinachotazama barabara ya matatu zinazotoa moshi mweusi, huyafanya maji vivyo hivyo. Sabuni huyalegeza maji yakatandaa badala ya kujikunja, huyashika mafuta, na tena huulainishia njia ule mpira usikwame. Ila kiasi chake ni kidogo kuliko tunavyodhani. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kinatosha ndoo ya lita kumi. Sisi tumelelewa kuamini kwamba povu ndilo usafi. Mtu akiona povu limepungua anaona ameibiwa. Dirishani povu ni deni, na utalilipa jua likitoka.

Aina ya sabuni nayo ina neno. Sabuni ya unga ya kufulia huja na chumvi zake na vitu vya kung'arisha nguo, na vyote hivyo hubaki kiooni. Sabuni ya kipande ikikutana na maji ya chumvi hugandana nayo ikawa ute, ule unaoshika kuta za beseni. Na ile sabuni ya maji ya kupimiwa, inayouzwa mitaani kwa lita kutoka kwenye mitungi, mara nyingi huwa imefanywa nzito kwa kutiwa chumvi. Si siri: wanaoitengeneza nyumbani hununua chumvi hiyo pamoja na dawa zingine. Kwa sakafu haina shida. Kwa kioo, kumbuka kwamba uzito ule unaoupenda ni chumvi inayosubiri kukauka.

Mpira na fundi wa plasta

Tazama fundi anayepiga plasta ukutani. Akiburuta ubao wake ulionyooka, ukuta unatoka laini. Kikokoto kimoja kikinasa kwenye ukingo wa ubao, kinachora mtaro mrefu kutoka mwanzo wa mkono wake hadi mwisho. Skwiji ni ubao huo, na maji ndiyo plasta. Chembe moja ya mchanga chini ya mpira, au mkato mdogo usioonekana vizuri kwa macho, huacha uzi mwembamba wa maji kila unapopita, mahali pale pale. Uzi huo ukikauka, huo ni mstari.

Ndiyo maana makali ya mpira ndiyo roho ya kifaa. Ukingo unatakiwa uwe wa pembe iliyokatwa wima, kama kona ya kiberiti, si wa mviringo. Ukichakaa, mipira mingi mizuri hutoka kwenye reli na kugeuzwa upande wa pili. Pande zote zikiisha, unanunua mpira mpya, si skwiji mpya. Jua na hewa huukausha mpira ukawa mgumu kama soli ya kiatu cha zamani, kwa hiyo usiuache umening'inia roshani mwaka mzima. Tena usiihifadhi skwiji ikiwa imesimamia mpira wake, itapinda.

Kifaa hiki chenyewe kina historia fupi na ya kupendeza. Kabla ya miaka ya 1930, waosha vioo Marekani walitumia lidude zito la chuma lenye mipira miwili na skrubu nyingi, na kubadilisha mpira kulikuwa kazi ya kuzifungua skrubu hizo zote. Mhamiaji kutoka Italia, Ettore Steccone, aliyekuwa mwosha madirisha mjini Oakland, California, alitengeneza skwiji nyepesi ya shaba yenye umbo la T na mpira mmoja mkali, akaipatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1936. Hizi tunazozishika leo ni wajukuu wa ile yake. Mtu aliyechoka na michirizi hakutafuta sabuni kali zaidi. Alitafuta makali bora zaidi. Mimi hapo humheshimu.

Sasa kosa langu la siku ya kwanza. Nilikuwa nakandamiza. Nilidhani nikibonyeza kwa nguvu maji yatatoka yote, kama mtu anayekamua deki. Kumbe mpira ukibonyezwa sana hulala ubavu; badala ya kona kali kugusa kioo, linagusa tumbo lake laini, na tumbo huteleza juu ya maji badala ya kuyakata. Mkono mwepesi na mwendo usiokatika ndio unaotakiwa. Ukisikia skwiji inalia na kuruka ruka, ikiacha alama kama ngazi, kioo kimekauka, au sabuni haitoshi, au mpira umekwisha kuwa mgumu. Usijibu kilio hicho kwa kubonyeza zaidi.

Jinsi mkono unavyopita

Kabla ya maji yoyote, futa vumbi kavu. Hili wengi hulipuuza na linawagharimu. Anayeishi upande wa Karen ana vumbi jekundu, anayeishi Embakasi ana lile la udongo mweusi, na wote wakimwaga maji juu yake wamejitengenezea tope. Brashi laini kwenye kioo, kwenye fremu, na hasa kwenye kile kijia cha chini cha dirisha la kusukuma, ambako huwa kuna shamba zima. Uchafu wa fremu ndio unaokuja kunasa kwenye mpira.

Kisha roweka na usugue mpaka pembeni kabisa. Halafu chukua kitambaa kikavu, ukaushe ukanda wa juu wa kioo, upana wa vidole viwili. Hapo ndipo unapoweka mpira, mkavu, kabla ya kuuvuta chini. Ukianzia kwenye maji, maji yaliyokuwa juu ya mpira hubaki nyuma yako na baada ya dakika moja yanaanza kutiririka juu ya sehemu uliyokwisha kumaliza. Vuta hadi chini bila kusimama katikati. Kila ukisimama, unaandika mstari. Inamisha skwiji kidogo ili maji yaelekee upande ambao bado umeroa. Ufikapo chini, pangusa mpira kwa kitambaa, kila mara, hata kama unaona haujachafuka. Mvuto unaofuata upite juu ya ule uliotangulia kwa sentimita tatu hadi tano. Ukiacha nafasi kati yake utapata bendi za maji zilizosimama kama nguzo.

Wale mafundi wa ghorofani hawavuti mistari. Huzungusha skwiji kama nyoka kutoka upande hadi upande bila kuinyanyua. Inapendeza kutazama. Usianze nayo.

Mwisho kabisa utabaki na uzi wa maji kuzunguka fremu, kwa sababu hakuna mpira unaofika hadi kwenye kona. Hilo si kosa. Viringisha kitambaa kikavu kwenye kidole upitishe pembeni mara moja. Usirudi katikati ya kioo kufuta kitu ulichokiona kama alama ya unyevu. Iache nusu dakika, mara nyingi hupotea. Ukiigusa na kitambaa chenye sabuni umejifungulia kesi mpya.

Haya yote yanadhania kioo kikubwa. Nyumba nyingi za zamani mjini, kuanzia Eastlands hadi zile bangalo za Kileleshwa zilizosalia, zina madirisha ya chuma yenye vioo vidogo vidogo vilivyoshikwa na puti, na ndani kuna grili. Skwiji ya sentimita 35 hapo ni kama kuendesha lori kwenye kichochoro cha Gikomba. Unaweza kuikata: reli kwa msumeno wa chuma, mpira kwa wembe mkali, ukiuacha mpira utokeze nje ya reli kwa milimita chache kila upande. Lakini kusema kweli, kwa vioo vya ukubwa wa kitabu vilivyo nyuma ya vyuma, mimi huiacha skwiji ndooni. Vitambaa viwili vya mikrofaiba, kimoja chenye maji na kimoja kikavu kabisa, vinamaliza kazi bila kugombana na grili. Na kioo cha nje cha ghorofa ya tano si cha kunyooshea mkono ukiwa umesimama kwenye kiti. Kiache kichafu, au umwite mwenye kamba na mkanda wa usalama.

Tena kuna jua. Jiji liko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya mwinuko huu huyafanya maji yakauke haraka zaidi. Januari na Februari, kioo kilichopigwa na jua huwa na joto la kutosha kukausha sabuni kabla hujarudi na skwiji. Dirisha linalotazama mashariki lioshe alasiri. La magharibi lioshe asubuhi. Ile baridi ya Julai tunayoilalamikia, yenye mawingu kutwa, ndiyo sikukuu ya mwosha madirisha.

Gazeti, siki na jiki

Gazeti si uongo. Kurasa za Taifa Leo zilizokunjwa zimeng'arisha vioo vingi mjini hapa. Karatasi yake hunyonya maji vizuri na haiachi manyoya kama fulana kuukuu inavyoacha. Lakini kazi yake ni kukausha, si kuosha. Ukiipaka kwenye kioo chenye mafuta inayasambaza tu, na wino wake hupenda sana fremu nyeupe.

Siki ni asidi hafifu. Inayayeyusha yale madoa meupe ya maji ya chumvi, na hapo ina haki ya sifa zake. Kwa mafuta ya jikoni haina maajabu, sabuni inaishinda. Usiidondoshe kwenye kizingiti cha marumaru au terazo, itakula.

Jiki ndiyo iliyonifanya niandike kwa herufi kubwa kwenye kundi. Haitoi mafuta, na ikikauka huacha chumvi, yaani inaongeza michirizi. Huila alumini. Na ukiichanganya na siki, kama majirani wawili walivyokuwa wakishauri katika ujumbe uliofuatana, inatoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwenye mapafu. Bafuni au jikoni palipofungwa, huo si mzaha.

Maji ya moto hayana siri yoyote. Yanasaidia kulegeza mafuta, halafu yanakauka upesi zaidi, kwa hiyo unachopata mkono wa kulia unakitoa kwa mkono wa kushoto. Ya uvuguvugu yanatosha. Wenye vioo vilivyobandikwa tinti kwa ndani waepuke dawa zenye amonia, maana huharibu ule utando.

Tukirudi kwa ile picha, nilimwomba jirani aivute karibu. Ukiitazama vizuri michirizi husema ilikotoka. Kulikuwa na mistari miwili myembamba, iliyonyooka, ikijirudia kwa umbali uleule kila mvuto: mpira una kitu. Juu kulikuwa na matiririko matatu mafupi: alianzia kwenye maji. Na kioo chote kilikuwa na ukungu hafifu wa rangi ya upinde wa mvua pembeni, ambao ni sabuni. Nikamuuliza, "Mama Njeri, sabuni ulitia kiasi gani?" Akajibu kwamba alimimina tu, ile ya mtungi. Dirisha linatazama mashariki, na alikuwa ameliosha saa tatu asubuhi.

Alipopitisha kucha kwenye mpira alikuta chembe ya plasta imenasa, ndogo kuliko punje ya uwimbi. Jioni, jua likiwa limehamia upande wa pili, akarudia kwa maji ya mfereji na kijiko kimoja. Alituma picha nyingine, na safari hii kioo hakikuonekana, ulionekana mwembe wa nje.

Dakika tano baadaye akatuma ya dirisha la chooni, lile lililo chini ya bomba la tangi linalofurika. Madoa meupe, miaka na miaka. Nikamwambia alibandike kitambaa kilicholowa siki kwa dakika kumi, kisha alipitishie ukucha. Yakitoka, ni chumvi. Yakibaki, madini yamekwisha kukila kioo chenyewe, na hapo si kazi ya skwiji tena. Amuulize mwenye nyumba kuhusu ile floti ya tangi, lile boya la kufunga maji tangi likijaa.